Mechi Kumi za Daftari

Kila msimu ukianza, Daftari hupungua kilo tatu. Haumwi, wala hajinyimi kula. Ni kwamba hatulii. Akiketi, mguu unacheza chini ya meza. Akisimama, anahesabu vigae vya ukutani. Akiletewa chai, anaisahau mpaka inafanya utando juu. Wenzake ofisini wameshamzoea. Wakimwona anapita kwenye ujia kwa mara ya saba bila sababu, wanaambiana tu, "Mwacheni, mechi hazijafika ishirini."

Hapo ndipo penye shida yake. Daftari ndiye mwandishi wa takwimu wa timu ya mpira wa kikapu, timu ya kulipwa, yenye basi lake, ukumbi wake, na mashabiki wanaonuna wiki nzima ikifungwa. Kazi yake ni kusema timu ni nzuri au mbovu, na kwa nini. Na mwanzoni mwa msimu, wakati yeye mwenyewe hajui, ndipo kila mtu anapotaka kuambiwa. Timu ikishinda mechi tatu za kwanza, mashabiki wanaanza kubishana kombe litawekwa kabati gani. Ikifungwa tatu, wanataka kocha afungashe virago. Naye akitazama karatasi zake anaona kwamba zile tatu walizoshinda walikutana na vibonde, au kwamba siku walizofungwa wapinzani walikuwa wanarusha mipira kutoka mbali ovyo ovyo na yote ikawa inaingia. Hayo hakuna anayetaka kuyasikia. Ukiwaambia watu wangoje, wanakuona mwoga.

Hakuzaliwa katika kazi hii. Alikuwa karani wa mizani, kwenye kibanda cha bati kando ya barabara kuu, akiandika uzito wa malori. Kaka yake alicheza kikapu timu ya mtaani, na Daftari akawa anakwenda kumtazama huku ameshika daftari la shule, kwa sababu mikono mitupu inamkera. Akaandika nani katupa, nani kakosa, nani kadaka mpira uliorudi. Siku moja kocha mmoja akaliazima lile daftari nusu saa, akalirudisha siku ya tatu pamoja na barua ya ajira. Sasa ana miaka arobaini na sita, na jina la utani limelimeza jina lake kiasi kwamba hata risiti ya mshahara ikija bila neno "Daftari" mhasibu anauliza ni ya nani.

Anaishi na mama yake, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Mume alikuwepo, akaondoka kwa amani. Alisema hawezi kuishi na mtu anayehesabu ni mara ngapi ameahidi kutengeneza bomba la jikoni. Akasema mara kumi na nne. Daftari akamsahihisha kwamba ni kumi na sita, na mazungumzo yakaishia hapo.

Msimu huu ulianza vibaya. Mechi kumi, wameshinda tatu. Na kanuni ya shirikisho inasema baada ya mechi kumi kila klabu inaruhusiwa kumwacha mchezaji mmoja na kumsajili mwingine, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Basi Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa klabu, mzee mnene mwenye duka kubwa la matairi, akamwita ofisini kwake. Hakumkaribisha kiti.

"Nipe mtu mmoja," alisema. "Nani anatuvuta chini?"

"Mzee, mechi kumi ni chache."

"Kamati inakaa Alhamisi saa nne. Nataka karatasi moja, majina kumi na mawili, na namba mbele ya kila jina."

Daftari akampa. Karatasi ilikuwa ya jumlisha na toa, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa: mchezaji akiwa uwanjani, kila pointi timu yake inayopata anaongezewa, na kila pointi wapinzani wanayopata anapunguziwa. Mwisho wa safu lilikuwepo jina la nahodha, na mbele yake hasi hamsini na nane. Hakuna aliyemkaribia. Chini kabisa ya ukurasa aliandika kwamba mechi kumi hazitoshi kumhukumu mtu, lakini aliandika kwa herufi ndogo, na mwenyekiti si mtu wa herufi ndogo.

Nahodha huyo, wenzake walimwita Babu, kwa kuwa ana miaka thelathini na sita, na katika mchezo huu umri huo ni uzee. Magoti yake yanalia akipanda ngazi. Ana watoto watatu na mkataba mmoja, na akiachwa katikati ya msimu hakuna klabu itakayomchukua. Huo utakuwa mwisho. Katika wachezaji wote ndiye peke yake anayesoma karatasi za Daftari. Kila baada ya mechi husimama mlangoni, mabega yamejaa fremu yote, anasoma robo kwa robo, anauliza swali moja la maana, halafu anakwenda zake. Jumanne alikuja kama kawaida. Alisoma karatasi yake nzima, ya mechi zote kumi. Hakuuliza kitu.

"Asante, dada," alisema, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

Siku hiyo Daftari alizunguka jengo zima mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Kitu kilikuwa kinamwasha na hakukijua. Alijiambia ni huruma. Babu ni mtu mwema, na kumwandikia mtu mwema hasi hamsini na nane si kazi ya kufurahia. Akajiambia tena kwamba namba hazina huruma, na kwamba yeye kazi yake ni kuandika. Maneno hayo amewahi kuyasema mara nyingi kwa wengine, na siku zote yalikuwa yanamtosha.

Jumatano asubuhi mama yake alikuwa mezani akichambua mchele, redio kando yake imezimwa. Bibi huyu hajaingia ukumbi wa kikapu maisha yake yote. Lakini hajakosa mechi hata moja redioni, na ana maoni juu ya kila mchezaji, wengine akiwapenda kwa sababu ya jina tu.

"Nasikia wanataka kumfukuza Babu," alisema.

"Umesikia wapi, mama?"

"Kwa muuza magazeti. Wanamwonea yule kijana. Wakichapwa robo ya mwisho, yeye wala hayumo."

Daftari alikuwa anafunga kamba za viatu. "Yumo, mama. Ndiye anaongoza kwa kuchapwa. Nimeandika mwenyewe."

"Basi umeandika vibaya. Zile mechi za ugenini zote nne, robo ya nne ikianza, mtangazaji anasema nahodha yuko benchi, amefungwa barafu gotini. Kila mara anasema. Hana lingine la kusema, maskini, mpaka anatutajia na rangi ya taulo."

"Mama, hukuona."

"Sikuona, nilisikia. Kwani wewe uliona?"

Mkono wa Daftari ulibaki umeshika kamba. Hakuona. Kwa mechi za nyumbani anaketi kona ya uwanja na kuandika kwa macho yake. Kwa mechi za ugenini klabu haimlipii nauli. Anatumiwa picha ya karatasi ya meza ya waamuzi, na kwayo anajenga upya mchezo mzima: dakika fulani huyu katoka, yule kaingia. Karatasi ile ni nzuri, lakini ina tundu moja ambalo wa kazi hii wanalijua. Mchezo ukiwa unaendelea, mchezaji akiingia meza inaandika. Wakati wa mapumziko kati ya robo na robo, meza haiandiki chochote. Wachezaji wanakwenda benchi, kocha anasema anayoyasema, na wanaosimama kurudi uwanjani ndio hao, haiandikwi popote.

Kwa miaka kumi tundu hilo aliliziba kwa simu. Kila baada ya mechi ya ugenini alimpigia mtaalamu wa viungo wa timu na kumuuliza, robo ya pili walianza nani, ya tatu nani, ya nne nani. Mwaka huu hakupiga. Wakati wa likizo alikuwa ametengeneza jedwali lake mwenyewe kwenye kompyuta, linalojaza kila kitu lenyewe, na akajivunia kama mtu aliyejenga nyumba. Jedwali lilipokuta robo mpya bila maelezo, lilichukua wale watano waliomaliza robo iliyopita na kuwaendeleza, na mmoja wao akiandikwa baadaye kwamba anaingia, likapuuza. Yeye ndiye aliyeliambia lifanye hivyo. Alinuia kurudi kuparekebisha, akasahau, na msimu ukaanza.

Hakunywa chai. Alitoka akiwa na kiatu kimoja hakijafungwa vizuri, akampigia mtaalamu wa viungo akiwa bado kwenye ngazi.

"Robo ya nne, mechi za ugenini. Babu alikuwa wapi?"

"Habari za asubuhi na wewe," alijibu yule bwana. "Ngoja nifungue kijitabu changu cha barafu." Maana naye ana kijitabu, anaandika kila goti alilolifunga na kwa dakika ngapi. Zikasikika kurasa. "Mechi ya kwanza, barafu dakika tano, mwanzo wa robo ya nne. Ya pili vilevile. Ya tatu. Ya nne. Kocha ndiye alipanga, ampumzishe pale halafu amrudishe mwishoni. Aliingia Ngazi."

Ngazi ni mchezaji mpya, mrefu mpaka milangoni anainama, amehamia klabuni mwezi mmoja kabla ya msimu na mkewe mjamzito.

Daftari alifika ofisini akafanya hesabu kwa kalamu. Jedwali hakuligusa. Dakika tano katika kila mechi. Katika dakika hizo timu ilizidiwa pointi kumi na nne, kumi na saba, kumi na tano, kumi na nane. Jumla sitini na nne. Alizitoa mgongoni kwa Babu, na hasi hamsini na nane ikageuka chanya sita. Alirudia. Chanya sita. Alirudia kwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama alivyofundishwa kwenye mizani. Katika timu iliyofungwa mechi saba kati ya kumi, nahodha wao mzee alikuwa bado anawabeba.

Niseme ukweli, hakukimbilia kwa mwenyekiti. Alikaa. Mguu ulicheza mpaka kalamu zikawa zinagongana koponi. Hakuna aliyelijua kosa lile ila yeye na bibi kizee mwenye redio. Miaka kumi na moja hajawahi kukosea namba mbele ya watu. Hicho ndicho alichonacho, hana kingine. Ukisema mara moja kwamba karatasi yako ilikuwa na uongo, kuanzia siku hiyo kila karatasi itatazamwa kwa jicho la pembeni. Alitoka nje, akazunguka mtaa, akapita duka la vioo, fundi saa, kituo cha mafuta, akarudi. Alikuwa na hofu, na aliona aibu kwa ile hofu, na hivyo viwili vilimchosha kuliko matembezi. Alipompigia mwenyekiti ilikuwa alasiri, na simu haikupokelewa. Akapiga tena mara tano. Usiku hakulala vizuri.

Alhamisi saa nne kamili alikuwa mlangoni mwa chumba cha kamati. Hakualikwa. Aliingia.

Wajumbe sita, chupa za maji, feni inayopiga kelele. Kocha alikuwa ameketi mwisho wa meza kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi. Mwenyekiti aliinua macho.

"Dada, tulishaamua. Nahodha nilionana naye jana. Amekuwa muungwana, hakuleta vurugu. Amesaini." Akagonga bahasha iliyokuwa mbele yake. "Inakwenda shirikisho mchana huu."

"Isiende," Daftari alisema. "Namba niliyokupa ni ya uongo. Nimekosea mimi."

Akaeleza. Hakujitetea, hakutaja nauli asiyolipwa wala likizo. Alisema kuhusu mapumziko, kuhusu jedwali, kuhusu simu ambayo hakupiga. Alipotaja robo ya nne, kocha aliweka kalamu chini.

"Lakini robo ile mimi humpumzisha," kocha alisema.

"Mbona hukusema tangu Jumatatu?" mwenyekiti akamgeukia.

"Nilionyeshwa jumla, mzee. Robo sikuonyeshwa. Nikadhani ni hizo dakika nyingine."

Mwenyekiti alivuta pumzi ndefu kwa pua. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo mpya."

Daftari akampa. Kidole kinene kikashuka kwenye safu, jina kwa jina, mpaka mwisho. Hakuwa amewaza habari za kidole hicho. Alikuwa amehangaika na Babu tu, siku nzima na usiku wake, na sasa akaona kidole kimesimama kwenye jina la Ngazi. Jumatatu Ngazi alikuwa na chanya tisa. Leo ana hasi hamsini na tano, kwa sababu zile sitini na nne lazima zimwangukie mtu.

"Basi ni huyu," mwenyekiti alisema, na alionekana kupata nafuu. "Vizuri. Tunabadilisha jina tu kwenye barua."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hizo ni dakika ishirini, mzee. Dakika ishirini katika mechi nne. Aliungana na wachezaji wanne wa akiba waliokuwa tayari uwanjani, wakakutana na watano bora wa wenzetu. Ungemweka yeyote pale angechapwa. Mngeniweka mimi na fimbo ya kufagilia, jumla ingekuwa ileile."

Mjumbe mmoja alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata.

"Sasa ni nani?" mwenyekiti akauliza. "Maana timu inafungwa. Kuna mtu anafanya ifungwe."

Daftari alisimama pale akitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza miguu yake ilikuwa imetulia. Alikuwa na karatasi nyingine kwenye mkoba. Pasi zilizopotea, mitupo huru, mitupo ya wapinzani ya mbali na ya karibu. Angeweza kuchomoa moja akawapa jina lolote walilotaka, na wangetoka wameridhika.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Kwa mechi kumi, sijui. Jumatatu pia sikujua, ila nilikupa jina kwa sababu uliniomba jina. Mkiniuliza mechi ya ishirini nitawajibu. Leo mkimwacha mtu, mtakuwa mmemchagua nyie wenyewe. Msiseme takwimu zimesema."

"Na sisi tunakulipa mshahara uje utuambie hujui," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo, mzee."

Wakamwambia asubiri nje. Alisubiri kwenye ujia karibu saa nzima, akienda mpaka dirishani na kurudi, mpaka mlinzi akamwuliza kama amepoteza kitu. Mwishowe mwenyekiti alitoka peke yake, ameshika ile bahasha. Alisema hawamwachi mtu. Alisema wajumbe wawili hawakukubali na kwamba timu ikiendelea kufungwa atajua pa kuanzia. Alisema pia kwamba Daftari ataandikiwa barua ya onyo, iingie kwenye faili, naye akasema ni haki. Kisha akamkabidhi bahasha.

"Mrudishie mwenyewe. Wewe ndiye uliyemwandikia."

Babu alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, benchi lote limejaa vitu vyake. Soksi, mafuta ya kuchua, viatu jozi tatu, kimoja hakina kamba. Alikuwa anavipanga kwenye begi polepole kama mtu anayefungasha vya marehemu. Daftari alimpa bahasha kabla ya kumsalimia, akamwambia yote kwa mkupuo mmoja: jedwali, mapumziko, chanya sita, barua imerudi, unabaki, nisamehe.

Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hata njiani alikuwa akifikiria maneno atakayotukanwa na jinsi atakavyoyapokea. Babu alikaa kwenye nafasi ndogo iliyobaki benchini, akaitazama barua yake mwenyewe, saini yake mwenyewe.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba robo zile nilikuwa benchi. Jumanne nilipoisoma karatasi niliona. Mechi ya kwanza ya ugenini, mwanzo wa robo ya nne, hasi kumi na nne, na mimi nakumbuka nilikuwa nimekaa, baridi ya barafu inaniingia mpaka mfupani. Nikaona na ya pili, na ya tatu."

Daftari alishindwa kumwelewa. "Mbona hukusema? Ungesema pale pale mlangoni ningeirekebisha."

"Nilidhani wewe unajua zaidi," Babu alisema. "Nikasema labda kuna hesabu nyingine, ya ndani, mimi siifahamu. Dada, miaka yote hujakosea. Jana jioni nimemwambia mke wangu nimekwisha. Na nilipomwambia nilikuwa naamini, sikuwa nadanganya. Nilianza hata kukumbuka makosa ya dakika ambazo sikucheza."

Daftari akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa kuwa benchini hapakuwa na nafasi. Alitaka kulia, akalia kidogo, bila kujificha. Babu alimwacha. Alitoa viatu kwenye begi, jozi moja, akavirudisha kwenye kabati lake, halafu jozi ya pili.

"Jumamosi nitacheza," alisema. "Lakini karatasi usiniletee tena. Siku ukiona nimechoka, njoo uniambie kwa mdomo."

Daftari akaitikia kwamba atafanya hivyo. Hakumwambia kwamba bila karatasi hajui mtu aliyechoka anaonekanaje, na kwamba itabidi aanze kumtazama.